Radieta Baridi

Jumatatu adhuhuri Landrova ya marehemu Emanikor iliingia mjini Isiolo ikivutwa kwa kamba na trekta ya vitunguu kutoka Burat. Watu wa vibandani waliacha kupima sukari wakatoka nje kutazama, na wenye umri wao wakatikisa vichwa. Miaka yote waliijua Landrova ile ikivuta wengine: magari ya serikali, magari ya wamishenari, hata lori la ng'ombe siku moja kule Oldonyiro. Leo yenyewe inaburutwa kama mbuzi aliyekataa kwenda sokoni.

Jarso Guracha alikuwa nje ya mkahawa akipuliza chai yake. Huyu Jarso alikuwa sajenti wa upelelezi kabla hajastaafu, na kustaafu kulikuwa kumemshinda kabisa; hata bei ya nyama alikuwa akiipeleleza. Alipoiona ile boneti ya kijani iliyopauka, aliacha kikombe nusu akavuka barabara. Ujana wake wote alikuwa ametafuta mifugo ya wizi akiwa ndani ya gari lile. Gari la kazi likiugua, na lilikuwa la kuugua kila leo, Emanikor alikuwa akimpigia honi mlangoni: "Panda, Mborana, twende!" Enzi hizo Mturkana na Mborana kupanda gari moja lilikuwa jambo la kusemwa. Walisemwa sana, na waliendelea kupanda.

"Nani ameliua?" Jarso akauliza.

Nakolong, mtoto wa pekee wa marehemu, alikuwa akitembea nyuma ya gari, leso kiunoni, macho mekundu. Kwa Landrova hiyo alikuwa akikusanya maziwa ya ngamia kutoka kwa wafugaji wa nje ya Burat na kuyaleta mjini. Mitungi yote ya manjano ilikuwa bado imejaa, na maziwa yalishaharibika.

"Ni Lokorio, anko. Ameendesha bila maji mpaka hedi ya injini ikapasuka. Nilifika nikakuta injini kavu, hakuna hata tone. Na mnunuzi, Sakariye, alikuwa achukue gari Alhamisi! Sasa nani atanunua jeneza?"

"Ulikuwa unaliuza?"

"Nilikuwa nanunua gari dogo, la kisasa, maziwa yafike mapema. Anko, mimi nafikiri Sakariye amempa Lokorio kitu ili aliharibu, halafu alichukue kwa bei ya chuma chakavu. Nimeita polisi, wamemchukua kule kule njiani. Kesho asubuhi anafikishwa kortini."

"Lokorio? Mtoto mliyekula naye sufuria moja?"

"Huyo huyo," Nakolong akasema, na sauti ikamkatika.

Jarso alimjua kijana huyo tangu akitambaa. Mama yake alipofariki, Akiru, mjane wa Emanikor ambaye alikuwa dada wa huyo mama, alimchukua akamlea kama aliyemzaa. Alichokuwa nacho Lokorio duniani ni leseni ya udereva na jina safi. Korti ikishamwandika mharibifu wa mali, nani tena katika Isiolo nzima angempa ufunguo wa gari?

"Nipe mpaka jioni," Jarso akasema. "Kama ni yeye, mimi mwenyewe nitasimama kizimbani kumshuhudia. Lakini kwanza nisikie."

Saa saba na nusu alikuwa kituoni. Askari vijana walimpigia saluti ya utani, naye akairudisha kwa ukali wa kweli, wakanyooka. Lokorio aliletwa bila viatu na bila mshipi.

"Uliweka maji?"

"Niliweka, mzee. Asubuhi, mpaka yakamwagika. Mama aliniona."

"Geji ya joto ilisema nini?"

"Hiyo geji ilikufa kabla marehemu hajafa. Sisi tunaendesha na pua. Nikisikia harufu, nasimama."

"Na leo ulisikia?"

"Nilisikia kidogo, nikashuka, nikaweka mkono kwa radieta." Lokorio alikitazama kiganja chake. "Ilikuwa baridi, mzee. Nikasema basi, ni breki zinanuka. Maziwa yalikuwa yanapata joto, nikakanyaga mafuta. Sikufika mbali. Ile paipu ndogo ya kando ya injini ililipuka, moshi mweupe, maji yote chini, injini ikafunga."

"Radieta baridi, na injini inachemka."

"Nilisema hivyo hapa, wakanicheka."

Jarso hakucheka. Mambo hayo mawili hayakai nyumba moja. Maji yanazunguka: yanachukua joto kwenye injini, yanaenda kupoa kwenye radieta, yanarudi. Moja ikichemka na nyingine ikawa baridi, basi kuna mlango umefungwa katikati yao.

"Jana nani alishika gari?"

Hapo Lokorio alinyamaza. "Jana ilikuwa Jumapili," akasema baadaye. "Mimi na Nakolong tulikuwa kanisani."

"Sikukuuliza mlikuwa wapi."

"Sijui, mzee." Akainamisha kichwa, na maneno yake yakaishia hapo. Jarso alikuwa ameona kimya cha mwizi na kimya cha mwoga, tena mara nyingi. Hiki hakukijua ni cha nani, na kilimkera njia nzima.

Landrova ilikuwa imerudishwa nyumbani kwa Akiru, chini ya kile kipaa cha mabati ambapo Emanikor alikuwa akilala chali siku za mapumziko, miguu nje, akiimba vibaya. Akiru alikuwa ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha, akijipaka magoti mafuta ya mkia wa kondoo. Magoti hayo yalikuwa yamemsumbua tangu mvua za mwisho.

"Baba Tiya, karibu," akasema. Jarso alizoea kupokewa na Akiru kwa matusi ya kirafiki, mbona umepotea, mbona umekonda, nani anakupikia. Leo hakuna. Ameshtuka, Jarso akawaza, gari la mumewe limekufa na mtoto wake yuko ndani.

"Mama Nakolong, pole. Jana kuna mtu alikuja hapa?"

Nakolong ndiye aliyejibu. "Sakariye alikuja mchana na fundi Marete kukagua gari. Tulikuwa bado hatujarudi kutoka kanisani. Mama alikuwa peke yake."

"Niitie Marete."

Marete alikuja na begi lake la spana na uso wa mtu anayejua analaumiwa. Alikuwa Mmeru mwenye maneno mengi, na fundi mzuri akiamua kuwa fundi mzuri.

"Mzee wangu, mimi sikugusa kitu. Nilifungua boneti, nikamwonyesha Sakariye namba ya injini, nikafunga. Tulikuwa naye bega kwa bega."

"Fungua hapa," Jarso akasema, akigusa kikofia cha chuma mbele ya injini, pale paipu ya juu inapoanzia kwenda kwenye radieta.

"Hapo? Hapo kuna nini sasa? Hapo ndipo mahali pa thamostati, na hakuna gari la zamani mji huu lenye thamostati. Tunang'oa zote. Watu wa Nyahururu huko kwa baridi ndio wanahitaji. Ikikosekana, injini inachelewa kupata joto na inakunywa mafuta kidogo zaidi, lakini kwa hili jua letu nani anaona tofauti?"

"Fungua, Marete."

Marete alifungua bolti huku akinung'unika. Aliinua kile kikofia, na manung'uniko yakakatika. Pale alipoapa kuwa patupu palikuwa na kidude cha shaba, duara, kidogo kuliko kikombe cha kahawa, kimezeeka, kimeota kutu ya kijani.

"Loo! Hii imetoka wapi?"

"Hicho ni nini?" Nakolong akauliza, akisogea.

"Mlango wa maji," Jarso akasema. "Injini ikiwa baridi unafunga, injini ipate joto haraka. Ikishapata joto, unafunguka wenyewe maji yaende radieta. Kama ni mzima. Mama Nakolong, tunaomba jiko na sufuria."

Akiru aliinuka kwa taabu, akachochea makaa, akateka maji, akaweka sufuria. Jarso alikifunga kidude kwa uzi akakitumbukiza. Hata kuku wa nyumbani walikuja kuchungulia. Akiru alisimama pembeni, shuka mabegani, akiyatazama makaa. Thamostati nzima hufunguka maji yakiwa bado hayajafikia kuchemka. Maji yalitoa mvuke, yakaanza kuimba, yakachemka mpaka yakaruka nje ya sufuria. Kidude hakikusogea hata unywele.

"Imekwama," Marete akasema kwa sauti ndogo. "Hii imekwama zamani. Maji hayakuwa na njia. Kijana hakukosa."

Nakolong alikaa chini palepale vumbini. "Mungu wangu. Na nimemfungia!"

"Umemfungia, na mwenye kosa yuko nje," Jarso akasema. "Marete, kama ungekuwa wewe unaweka kitu hiki, kile kikofia ungekifunga na nini maji yasivuje?"

"Silikoni ya tyubu. Kila fundi siku hizi ni silikoni."

Jarso alibandua kwa kisu gasketi ya kuzuia maji iliyobaki kwenye chuma. Ilikuwa ya karatasi nene, imekatwa kwa mkono, taratibu, na mtu asiye na haraka. Upande mmoja ulibaki na rangi nyekundu na nusu ya herufi. Akainusa. Ilinuka nyama iliyoungua.

"Haya," akasema, akaitia mfukoni. Hakueleza.

Baada ya sala ya alasiri alimkuta Sakariye dukani kwake, akinywa chai na kuongea na simu mbili. Biashara yake ilikuwa kununua magari ya zamani na kuyauza kwa kambi za watalii.

"Salaam aleikum."

"Wa aleikum salaam, mzee Jarso. Najua kilichokuleta. Mji mzima unasema nimeua gari ili nilinunue rahisi."

"Na uliliua?"

"Wallahi, mzee, mtu anaweza kuchinja ngamia ili anunue maziwa yake? Mimi nilikuwa nanunua ile injini! Gari la umri huo likiwa na injini yake ya kuzaliwa, wageni wanaligombania. Likishawekewa injini nyingine ni bati la kuku. Nimeshampigia Nakolong kumwambia sitaki tena."

"Kabisa?"

"Hata nipewe bure. Libaki kwao."

Libaki kwao. Jarso alitoka na maneno hayo, akapita kando ya soko la mifugo polepole, mikono nyuma. Siku nzima alikuwa akiuliza nani alitaka gari liende kwa bei ya chini. Hakuna aliyeuliza nani alitaka lisiende popote.

Akaitoa ile gasketi mfukoni, akaitazama kwenye jua. Nyekundu ile aliijua. Ilikuwa pakiti ya majani ya chai. Na hapo, katikati ya barabara, bodaboda wakimpigia honi na kumuuliza kama amenunua lami, Jarso alirudi kwenye njia ya Oldonyiro akiwa kijana mwenye meno yote.

Wamo watatu garini: yeye, Emanikor, na Akiru mwenye tumbo la kutisha, wanamkimbiza hospitali. Injini inachemka. Emanikor anaona sindano ya geji imepanda, anasimamisha gari, anasema hakuna haraka, chuma kipoe. Jarso anachukua mtungi kwenda kutafuta maji lagani, kwenye mto mkavu wa mchanga. Anarudi jua likiwa limeinama, anasikia mtoto analia, na Emanikor anacheka na kulia pamoja. Yale maji ya radieta yakamwosha Nakolong kwanza. Ndipo Jarso anapotaka chai ya sherehe, na kuambiwa kidude kilichokwama kimeng'olewa, pakiti yake imekatwa gasketi, imepakwa mafuta ya kondoo, na gari liko tayari. Yallah, alivyolalamika! Miaka na miaka, kila wakikutana: "Emanikor, majani yangu!"

Kilichomsimamisha sasa ni jambo dogo. Wakati gasketi ile inakatwa, yeye hakuwepo. Pale palikuwa na watu wawili na kitoto kichanga. Mmoja wa hao wawili alikuwa kaburini.

Saa kumi na moja jioni alirudi nyumbani kwa Akiru. Nakolong alikuwa ameshavaa viatu vya kwenda kituoni. Marete alikuwa bado anazunguka gari akisema peke yake.

"Kaa kidogo, Nakolong," Jarso akasema. "Kesi hii tuimalize hapa kwanza. Si Lokorio. Si Sakariye, ameipoteza injini aliyoitaka. Si Marete; Marete angefunga na silikoni. Aliyefanya hivi alikata pakiti ya majani akaipaka mafuta ya kondoo, namna marehemu alivyokuwa akifanya porini asipokuwa na kitu. Na alikuwa nacho kidude ambacho marehemu alikitoa kwenye gari hili siku uliyozaliwa wewe."

"Anko, unasema nini?"

Jarso alimgeukia mjane wa rafiki yake. "Mama Nakolong, leo nilipotoa kidude kile, mwanao aliuliza ni nini. Marete aliuliza kimetoka wapi. Wewe uliniwekea sufuria, hukuuliza kitu."

Akiru akajifuta mikono kwenye shuka.

"Nitaulizaje kitu nilichokiweka kwenye sanduku langu tangu nikiwa kijana?" akasema. "Siku ile ulienda maji, Baba Tiya, mimi ndiye nilishika spana. Tumbo linauma, nashika spana. Emanikor alifungua, akakitoa, akasema hiki ndicho kilitusimamisha. Alipoanza kukata pakiti mtoto akaja. Nilimalizia kuikata mimi, Nakolong akiwa kifuani. Kidude nikakiweka. Baadaye, miaka ile ya ukame alipokosa pesa za kuajiri mtu, tanboi wake, wa kumsaidia garini, alikuwa mimi. Hamkumbuki? Mlikuwa mnaona mwanamke anapika chai."

"Mama!" Nakolong alisimama. "Kwa nini? Ungeniambia tu nisiuze!"

"Nilikwambia. Ukasema, mama, hicho ni chuma." Akiru alilitazama gari. "Nilikaa kiti kile cha kushoto maisha yangu yote. Nikilala naisikia honi. Jana walipokuja kulikagua, yule Sakariye alipiga mlango kofi kama mtu anayenunua punda. Walipotoka nikachukua spana. Nilijua litasimama tu. Siku ile lilisimama, likapoa, tukaenda, hakuna kilichopasuka. Nilisema likisimama njiani mara moja, Sakariye ataogopa, ataacha."

"Siku ile geji ilikuwa nzima, na Emanikor hakuwa na maziwa ya kuharibika," Jarso akasema taratibu. "Huyu kijana alikuwa anakimbia kwa ajili yenu."

"Nimelijua hilo leo. Niliposikia wamemchukua nilitaka kusema. Mdomo ukakataa. Nikasema nitasema mchana. Mchana nikasema jioni." Alianza kulia bila kujificha, jambo ambalo Jarso hakuliona hata siku ya mazishi. "Nilitaka kubaki na kitu cha Emanikor. Nikamtoa kafara mtoto wa dada yangu."

Nakolong aligeuka akauweka uso wake kwenye mlango wa Landrova. Alipogeuka tena alikuwa amebeba fimbo ya mama yake.

"Twende tukamtoe," akasema.

Kituoni, Nakolong aliondoa mashtaka; mali ni yake, na ugomvi ni wa nyumbani. Askari wa zamu alimtazama Jarso, Jarso akatikisa kichwa kukubali, na mlango ukafunguliwa. Lokorio alitoka ameshika viatu mkononi. Akiru hakungoja aulizwe.

"Ni mimi," akasema. "Gari ni mimi."

"Najua, mama."

Jarso alifikiri hakusikia vizuri. "Unajua?"

"Jana nilirudi kuchukua simu kabla ibada haijaisha. Nilimwona ananawa grisi mikononi, spana ya marehemu iko kwa beseni. Nilidhani analisafisha gari aliage. Leo injini ilipofunga, ndio nikaelewa."

"Kwa nini hukuniambia?" Jarso akauliza, na safari hii alikuwa amekasirika kweli. "Kesho ungesimama kortini!"

Lokorio alikuwa anamtazama Akiru.

"Nilikuwa nangoja useme wewe, mama," akasema. "Kila mlango ukifunguka hapa, nilisema sasa amekuja."

Akiru alikaa kwenye sakafu ya saruji ya kituo cha polisi, akajifunika uso na shuka, na sauti iliyotoka humo ndani ilifanya askari wote watoke nje. Lokorio aliweka viatu vyake chini, akachuchumaa mbele yake. Alikaa hivyo muda, hakumgusa, mpaka Jarso akaanza kuogopa. Mwishowe akampitishia mkono mgongoni.

"Simama, mama. Sakafu hii ni baridi, na magoti yako nayajua."

Akiru hakuweza kusimama. Ilibidi wamwinue wote watatu.